Saa za Bwana Vinod

Zipporah Wakesho alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja ya mwisho alikuwa sista msimamizi wa wodi ya wanaume huko Voi. Alipostaafu, watu wa kwao Taita walitarajia afuge ng'ombe wa maziwa kama wastaafu wengine. Yeye alikaa miaka minane bila ng'ombe, kisha akakata tiketi ya ndege kwenda London. Alikuwa na miaka sitini na minane, mjane, na goti la kushoto lilimsumbua akipanda ngazi. Alipoulizwa anafuata nini huko, alisema anakwenda kuona mahali palipopigwa sinema na michezo ya televisheni aliyoitazama maisha yake yote. Baadhi walicheka. Mchungaji wake alitaka kujua kama kuna mgonjwa, ili wamwombee. Akamwambia hakuna mgonjwa, anakwenda kutazama tu.

Mapenzi hayo yalianza na mumewe, Harrison. Walipokuwa wakikaa nyumba za wafanyakazi wa hospitali, Harrison alinunua televisheni ndogo isiyo ya rangi, na kila Jumamosi jioni chumba chao kilijaa majirani. Waliwatazama wapelelezi na mawakili wa Kiingereza wenye nywele za bandia, lakini walichokipenda kuliko vyote kilikuwa mchezo wa vichekesho juu ya familia moja na baba yao mkali. Kila wiki ulianza vilevile. Baba anarudi kazini, anasimama mbele ya mlango wa buluu wenye kioo cha duara, anapapasa mifuko yake na kukuta hana ufunguo. Basi anaupiga mlango kwa ngumi mbili na kufoka mpaka mtaa mzima unachungulia madirishani. Harrison alimwiga baba huyo kila alipotoka zamu ya usiku, na Zipporah akachelewa kumfungulia makusudi ili aendelee kupiga.

Miaka miwili kabla ya safari, Jennifer, binti wa marehemu kaka yake, alimtumia picha kwenye simu. Jennifer alikuwa amekwenda London kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Picha ilikuwa ya mlango wa buluu wenye kioo cha duara, na chini yake Jennifer aliandika, "Shangazi, unaukumbuka?" Nyumba ilikuwa Harrow, na mwenyewe, mzee wa Kihindi, alikuwa mmoja wa wazee wake. Alimwendea asubuhi na jioni, akamwosha, akampa chakula na dawa.

Zipporah aliitazama picha ile mara nyingi kuliko alivyotaka watu wajue. Alipofika London, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa kupelekwa Harrow. Jennifer alisema kampuni yao hairuhusu mgeni. Akaliomba tena baada ya siku mbili, akapewa jibu lilelile, akaacha.

Jennifer alikaa chumba kimoja Woolwich, nyumba moja na watu wawili wa kwao. Zamani alikaa karibu na kazi yake, lakini nyumba ile iliuzwa, naye akapata chumba upande wa pili wa jiji. Siku tatu za kwanza aliondoka kabla ya jua kuchomoza, na Zipporah alizunguka peke yake akiwa na daftari la mahali pa kwenda. Siku ya nne Jennifer alikuwa bado yupo saa mbili asubuhi, anasukuma chapati. Alisema ameomba abadilishiwe zamu kwa sababu ana mgeni. Zipporah alimshukuru Mungu kwa waajiri wenye utu. Tangu hapo walikula pamoja kila asubuhi, Jennifer akamkanda goti, akamsindikiza kwenye stesheni yenye paa la vioo ambako wapenzi wa sinema moja waliagana, na kwenye ngazi za kanisa ambako jasusi wa nyingine aliuawa. Jumanne jioni walisimama juu ya daraja alilolivuka mpelelezi mmoja wa televisheni mpaka taa za mto zikawaka. Jennifer alimpiga picha arobaini pale, akimwambia ageuke hivi, ashike mkoba vile.

Jumatano, Jennifer alipokwisha ondoka saa tatu na nusu, Zipporah aliitoa ile picha ya mlango. Jina la mtaa lilionekana kwenye kibao ukutani, na nambari ya nyumba ilikuwa juu ya kioo. Aliwaza kwamba kusimama upande wa pili wa barabara hakuvunji sheria ya kampuni yoyote. Hakumwambia Jennifer. Alipanda treni Woolwich, akabadilisha Farringdon, akauliza mara mbili, akafika Harrow kama saa sita mchana.

Mtaa ulikuwa kimya. Nyumba zilisimama mbilimbili zikigawana ukuta, kila moja na kibustani chake na gari mbele. Rangi ya buluu ilikuwa imechujuka, lakini kioo cha duara kilikuwa palepale. Zipporah alisimama ng'ambo, akajikuta anacheka peke yake, na machozi yanamtoka. Alipiga picha tatu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpiga yeye mwenyewe na mlango ule aliposikia kitu kinagonga kioo, polepole, ngo, ngo, ngo.

Lilikuwa dirisha la sebule. Nyuma ya pazia mkono mwembamba ulikuwa umeshika kijiko. Dirisha dogo la juu lilikuwa wazi, na sauti ikatoka humo, kavu kama ya mtu aliyepaliwa na vumbi.

"Maji," ilisema. "Bibi weye, nipe maji."

Zipporah alidhani masikio yanamchezea. Alivuka barabara, akasogea mpaka dirishani, na mzee aliyekuwa ndani akarudia kwa Kiswahili safi cha Unguja kwamba ana kiu, na kwamba ufunguo uko kwenye kisanduku kando ya mlango, abonyeze moja, tisa, sita, tano. Akabonyeza. Kisanduku kikafunguka. Akautoa ufunguo, akafungua mlango.

Harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine. Muuguzi hahitaji kuelezwa harufu ile. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuegemea, pajama zimelowa mpaka magotini, zimekauka pembeni na kulowa tena. Miguu ilikuwa imevimba kama mashina ya migomba, na midomo ilikuwa imepasuka. Kando yake, kwa umbali asioufikia, kilikuwapo kiegemeo cha chuma cha kutembelea, kimelala upande. Zipporah alimpa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, ingawa mzee alitaka kunyakua bilauri. Alimshika mshipa, akamfinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama. Alipomgusa nyonga mzee aligumia. Alisema alianguka alipokuwa akienda chooni, akajikokota mpaka kitini, na hajainuka tena. Siku gani? Hakujua. Kulikucha, kukachwa, kukakucha.

Zipporah alipiga simu ya ambulensi. Waliuliza kama mgonjwa anaongea, kama anapumua vizuri, kama anakunywa. Aliposema ndiyo, walimwambia kwamba inaweza kuchukua saa tatu. Wakamuuliza yeye ni mhudumu wake? Akasema yeye ni mtu aliyekuwa anapita njia.

Alipasha maji moto, akatafuta taulo, akavua saa yake ya mkononi. Miaka minane hakuwa amemwosha mtu, lakini mikono haikusahau. Mzee alijiachia kama mtoto. Aliitwa Vinod, alisema, na Kiingereza alikijua sana zamani lakini siku hizi kinamkimbia. Akamuuliza Zipporah ni mtu wa wapi. Aliposikia Taita alisema anaijua Voi, treni ilisimama pale usiku na watu wakauza ndizi madirishani. Halafu akauliza, "Leo umekuja weye. Yule msichana bubu yuko wapi?"

"Msichana gani?"

"Mwenye koti jekundu, nywele kasuka nyembamba. Bubu yule. Nasema naye kila siku, hanijibu neno."

Koti jekundu Zipporah alikuwa amelishona kifungo mwenyewe, siku tatu nyuma. Aliendelea kumkausha mzee vidole vya miguu, kimoja kimoja, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Jennifer alikuwa amezaliwa Mwatate na kusoma Mwatate. Kiswahili alikisema tangu alipoota meno.

Alipokwisha kumfunika shuka safi alikwenda jikoni. Mlangoni mwa friji ilibandikwa nambari ya binti yake Bwana Vinod, na ndani vyakula alivyompikia vilipangwa kwenye vibakuli vyenye vikaratasi vya siku. Cha Jumatatu tu ndicho kilichokuwa kimefunguliwa. Sanduku la dawa lenye vyumba vya siku lilikuwa mezani. Jumanne vidonge vyote vilikuwamo, na Jumatano pia. Kando yake palikuwa na faili nene la kampuni, la kuandika kila mhudumu alipoingia na kutoka.

Alilifungua. Mwandiko aliutambua kabla ya kusoma, kwa sababu herufi zile alimfundisha yeye, likizo moja, mtoto akiwa na miaka mitano. Jumanne, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili na dakika arobaini na tano: ameoga, amekula uji wote, dawa amepewa, ana furaha. Jumanne, saa kumi na mbili jioni: amekula wali na dengu, dawa amepewa, ameachwa kitandani salama. Jumatano, saa mbili asubuhi: amekula mkate na chai, ana furaha. Na chini yake, Jumatano saa kumi na mbili jioni, ambayo ilikuwa haijafika bado: amekula, dawa amepewa, amelala vizuri. Sahihi zote zilikuwa za Jennifer.

Zipporah aliketi. Jumanne saa mbili asubuhi Jennifer alikuwa akisukuma chapati. Jumatano saa mbili alikuwa amepiga magoti sakafuni anamkanda goti. Na Jumanne saa kumi na mbili jioni walikuwa darajani, picha arobaini. Alizitoa picha zile kwenye simu na kutazama saa zilizoandikwa, kama mtu anayetumaini kwamba simu imekosea. Simu haikukosea. Akageuza kurasa za nyuma. Kuanzia siku ile ya kwanza ya chapati, asubuhi zote zilikuwa zimeandikwa, na asubuhi zote Jennifer alikuwa Woolwich naye. Kabla ya hapo hakuwa na njia ya kujua.

Alimpigia simu. Jennifer aliuliza kama amepotea. Zipporah alimwambia yuko Harrow, jikoni kwa Bwana Vinod, na mbele yake kuna faili. Upande wa Jennifer basi lilikuwa likipita. Kisha Jennifer akasema, kwa sauti ndogo sana, "Nakuja."

Alirudi sebuleni kumpa mzee uji. Alijaribu kumwongelesha ili asilale kabla ambulensi haijafika, na kwa kuwa kichwa chake hakikutoa kitu kingine, alimwambia ukweli, kwamba alikuja kuona mlango wa mchezo wa televisheni, kwamba yeye na mumewe waliupenda mno, hasa pale baba anapougonga.

Bwana Vinod alimtazama. Alikumbuka vizuri mambo ya zamani, ya jana ndiyo yaliyomponyoka. Alisimulia taratibu, akimeza uji kati ya maneno. Walitoka Unguja mwaka wa sitini na tano, yeye na mkewe Damyanti, baada ya mapinduzi. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha soda na hakikuwa chake tena. Walikaa Mombasa kidogo, wakaja London, akafanya kazi posta miaka thelathini. Watu wa televisheni walipokuja kuomba mlango, Damyanti alikubali kwa sababu walikuwa na adabu. Waliteremsha majani ya mwembe aliyoyatundika juu ya mlango, wakaificha sanamu ya mungu wake ya ukumbini chini ya kitambaa, wakawaomba wenyewe wakae jikoni kimya.

"Akaanza kugonga yule mzungu," Bwana Vinod alisema. "Kwa ngumi. Anagonga, wanasema bado, anarudia. Mara kumi na tisa, nilihesabu. Na Damyanti kajibanza chini ya meza ile pale, kaziba masikio. Maana kule Unguja walikuja kugonga hivyohivyo, na kaka yake ndiye aliyefungua."

Hakueleza kilichompata kaka huyo. Kijiko kilikuwa hewani na hakujua kimekaa hewani kwa muda gani. Aliwaona majirani wa Voi wamejaa chumbani, Harrison anapiga magoti yake kwa kicheko, na yeye mwenyewe anafuta machozi ya kucheka, wiki baada ya wiki, miaka. Na nyuma ya mlango, mwanamke chini ya meza.

"Na baada ya hapo?" aliuliza mwishowe.

"Wakatupa keki," alisema Bwana Vinod.

Jennifer alifika saa nane na nusu, koti jekundu limefungwa vibaya. Hakuingia sebuleni. Alipita moja kwa moja jikoni, akamwona shangazi yake amesimama na faili, akaegemea friji.

Zipporah alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Alikuwa nayo tayari, maneno ya sista msimamizi. Mwaka mmoja, zamani, alimsimamisha kazi muuguzi kijana aliyeandika joto la wagonjwa kumi bila kugusa kipimajoto. Msichana yule alilia, na Zipporah hakubadilika uso. Sasa alitafuta uso ule hakuupata. Aliuliza tu kama ni kweli.

Jennifer alisema ni kweli. Alikuja Jumatatu jioni, akamlisha haraka, akaandika siku mbili za mbele ili zikae tayari. Alikusudia kurudi Jumanne mchana japo kidogo, ikashindikana. Ana wazee kumi na wanne, alisema, na kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni mabasi mawili, na ofisi inampa nusu saa kwa mtu anayehitaji nusu siku. Zamani alikuwa akipunguza dakika tu. Hakuwahi kuruka siku nzima kabla ya wiki hizi mbili.

"Kabla sijaja," Zipporah alisema.

"Shangazi, wewe ndiye uliyenilea baba alipokufa. Umekuja mara moja. Nilitaka uone mambo, nilitaka tukae pamoja." Jennifer alitazama sakafu. "Zile saa zilikuwa zake. Sikuwa na nyingine za kukupa."

Zipporah alishika ukingo wa sinki. Chapati zile alikuwa amezisifu.

"Na Kiswahili?" aliuliza. "Anakuita bubu."

Jambo hili ndilo lililomliza Jennifer. Siku ya kwanza kabisa, alisema, mzee alimwambia "karibu mwanangu", na moyo ulimruka. Lakini alijua akimjibu mara moja tu hatatoka tena. Mzee atataka aketi, atataka asikilizwe, atauliza habari za nyumbani, na saa hiyohiyo kuna bibi mwingine Wembley amelowa anamngoja. Basi akajifanya hajui. Kesho yake akawa amechelewa kujirekebisha. Miaka miwili.

Alisema pia kwamba kibali chake cha kukaa Uingereza kinatokana na kazi hii. Wakimfukuza, atapewa siku sitini kutafuta mwajiri mwingine, na nani atamchukua? Kule Mwatate mama yake anamtegemea, na mtoto wake yuko darasa la saba. Kisha akasema, bila kumtazama shangazi yake, kwamba kurasa za faili hutoka, zinabanwa na vyuma tu, na karatasi tupu ziko nyuma. Ambulensi ikija wataambiwa alianguka asubuhi hii. Akatoka kwenda sebuleni.

Zipporah alibaki peke yake jikoni. Hakujua alivifungua vile vyuma lini. Alipotazama chini aliuona ukurasa uko mkononi mwake, umekwisha toka, na mkono wa pili umeanza kuukunja. Alishtuka kuliko alivyoshtuka tangu asubuhi. Miaka thelathini na sita, na imechukua dakika moja.

Kutoka sebuleni alisikia Jennifer anasema, "Shikamoo, babu."

Bwana Vinod akasema, "Kumbe una ulimi." Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Kulikuwa na mshangao mtupu, wa mtu aliyeona jiwe limefumbua macho. Akasema tena, "Una ulimi, mwanangu, na umeniacha nikisema na ukuta."

Zipporah aliunyoosha ukurasa juu ya meza kwa kiganja, akaurudisha kwenye faili, akabana vyuma. Alikwenda sebuleni. Jennifer alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, ameshika shuka na si mkono. Zipporah alimwambia nambari ya binti wa Bwana Vinod iko kwenye friji, na mmoja wao atampigia sasa hivi, na ni afadhali awe Jennifer. Jennifer alitikisa kichwa. Zipporah alingoja. Alimwambia mara ya pili. Jennifer aliinuka, akaenda kuketi kwenye ngazi za ndani, akafunika uso kwa koti.

Basi Zipporah alipiga mwenyewe. Binti aliitwa Sushila, mwalimu, alikaa Leicester na kuja kila Jumapili. Aliposikia kwamba baba yake amekaa bila mtu tangu Jumatatu alijibu kwa upole, kama aliyezoea. Alisema baba husahau. Kila jioni akimpigia simu baba humwambia hakuna aliyekuja, naye huwauliza kampuni, nao humwambia mhudumu alifika, na Jumapili akija husoma mwenyewe kilichoandikwa; jana baba hakupokea simu, kampuni ikasema amelala. Daktari alimweleza kwamba ndivyo ugonjwa ulivyo. Zipporah alimwambia yeye ni muuguzi, na kwamba vidonge vya siku mbili viko kwenye sanduku. Akamtajia rangi zake. Akamwambia vibakuli vya Jumanne na Jumatano havijafunguliwa. Akamwambia faili limekwisha andikwa mpaka jioni hii. Kisha akamwambia anajua kwa hakika kwamba mhudumu hakuwapo, kwa sababu alikuwa na yeye, na mhudumu huyo ni mtoto wa kaka yake.

Sushila alimwomba arudie siku. Zipporah akarudia, Jumanne na Jumatano.

"Nimekuwa nikimwambia amesahau," Sushila alisema. "Kila siku. Nimemwambia mpaka akaanza kuniamini."

Ambulensi ilikuja saa kumi kasoro. Nyonga haikuvunjika, ilikuwa na ufa. Jioni Sushila alifika hospitali, akamkuta Zipporah kwenye benchi la nje ya wodi, mkoba magotini. Zipporah alisimama kupokea chochote kitakachokuja. Sushila alimshika mikono yote miwili, akaiachia haraka, kama aliyekumbuka mtu huyu ni shangazi wa nani, akaingia ndani.

Kesho yake Jennifer alikwenda ofisini mwenyewe na kusema. Walimsimamisha siku hiyohiyo, kisha wakamfukuza. Zipporah alibadilisha tiketi yake, akaondoka siku nne kabla. Hakuona mahali pengine popote palipokuwa kwenye daftari lake. Jennifer alimsindikiza uwanja wa ndege, akambebea sanduku mpaka mwisho wa mahali anaporuhusiwa msindikizaji, na njia nzima hawakuongea ila juu ya pasipoti na goti. Walipoagana alimkumbatia shangazi yake, lakini mwili wake ulikuwa mgumu.

Siku sitini zilikwisha bila mwajiri. Jennifer alirudi nyumbani mwezi wa nane. Watu waliuliza mengi, na wengine walidhani Zipporah hatasema. Alisema. Alipoulizwa kanisani nani alimchoma mtoto wa watu, alijibu kwamba ni yeye aliyepiga simu, na kwamba angepiga tena. Tangu siku hiyo wifi yake, mama Jennifer, hajakanyaga kwake. Wakikutana sokoni humpa mkono bila kumtazama.

Jennifer mwenyewe ndiye aliyekuja kwanza, mwezi wa kumi na moja, mvua zikinyesha. Aliketi, akanywa chai, akaondoka. Alikuja tena baada ya wiki mbili. Harrow hawakuitaja mpaka mara ya nne au ya tano, alipouliza, akiwa amemgeukia shangazi yake mgongo anaosha vikombe, kama mzee alipona.

Zipporah alimwambia alichoandikiwa na Sushila: kwamba Bwana Vinod yuko Leicester kwa binti yake, hatembei sana, na wamempata mhudumu mwanaume kutoka Kongo ambaye husema naye Kiswahili kutwa nzima, kila mmoja na chake, wakisahihishana.

Jennifer alisuuza kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha suuzwa.

"Wanaongea nini?" aliuliza.

"Sikuambiwa," Zipporah alisema, akasogea kando yake, akachukua kitambaa cha kukaushia.